Siku za Raha na Mwana Aliyepanda Ghorofani

Katika maswali ambayo wanavyuoni na wanafalsafa wamerithishana dahari baada ya dahari, liko moja linaloonekana dogo kwa sababu kila mtu hulijibu kila siku pasipo kujua kwamba ameulizwa, nalo ni hili: je, mwanadamu ana haki ya kuzionea shauku siku ambazo hakuziishi? Mtu kuzikumbuka siku zake mwenyewe si ajabu, maana aliyekula chumvi nyingi hakosi la kusimulia. Lakini kijana wa miaka ishirini anayezisifu zama zilizokwisha kabla mama yake hajaolewa, akaapa kwamba wakati ule watu walikuwa watu na adabu ilikuwa adabu, huyo anakumbuka nini, na ni nani aliyempa idhini ya kukumbuka? Nimeona bora nilifuate swali hili si ndani ya vitabu vizito peke yake, bali pia ndani ya mchezo mmoja wa televisheni wa kuchekesha, mchezo wa Kimarekani juu ya maisha ya vijana uitwao Happy Days, kwa kuwa katika mchezo huo umma mzima uliketi kila wiki mbele ya kioo kuzikumbuka, kwa vicheko, siku ambazo vijana wengi waliokuwa wakicheka hawakuwahi kuziona.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa na shirika la ABC tarehe 15 Januari 1974, ukaendelea kwa misimu 11 na vipindi 255 hata ukakoma mwaka 1984. Maudhui yake ni mepesi. Katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, katikati ya miaka ya 1950, anaishi mzee Howard Cunningham, mwenye duka la zana na vifaa vya ujenzi, pamoja na mkewe Marion, mwanawe Richie na bintiye Joanie. Richie ni kijana wa sekondari mwenye nywele nyekundu, mtiifu, mwenye kuona haya mbele ya wasichana. Masahibu zake ni Potsie na Ralph Malph, na baraza lao ni mkahawa wa Arnold, ambako hula, hunong'ona habari za mapenzi, na kutia senti katika sanduku la muziki. Juu ya banda la gari la nyumba ya Cunningham amepanga chumba makanika mmoja aitwaye Arthur Fonzarelli, au Fonzie, kijana mwenye koti la ngozi na pikipiki, ambaye huligonga sanduku lile kwa ngumi likaimba bila ya senti. Katika kila kipindi hutokea tatizo la kadiri ya mabega ya mvulana, kama vile ahadi mbili kwa wasichana wawili, au gari la baba lililokwaruzwa, na kabla ya nusu saa kwisha nasaha imekwisha kutolewa, samahani imekwisha kuombwa, na hadhira imecheka.

Juu ya koti lile kuna kisa ambacho siwezi kukipita. Wakubwa wa ABC hawakulipenda, kwa kuchelea kwamba watazamaji wangemdhania Fonzie kuwa mhuni, wakataka avae jaketi la kitambaa. Garry Marshall, muasisi wa mchezo, akaomba ngozi iruhusiwe walau pale mhusika anapokuwa na pikipiki yake, kwa ajili ya usalama. Na idhini ilipotoka, akahakikisha kwamba Fonzie haachani na pikipiki. Mwaka 1980 koti hilohilo lilitolewa hiba kwa makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Kwa hiyo katika muda usiofika hata miaka saba, vazi lililoogopwa kuwa alama ya uhuni liliwekwa pamoja na tunu za taifa, na mtu akitaka kujua namna kumbukumbu ya watu wengi inavyofanya kazi yake, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Sasa tuwatazame waliokuwa wakikumbuka. Marshall alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa wa Bronx, New York, wala Milwaukee haikuwa kwao. Mji huo uliingia kwa sababu mmoja wa watayarishaji, Thomas Miller, alikuwa mzaliwa wa huko, na mchezo wenyewe ulipigwa picha California, katika studio za Paramount. Ron Howard aliyeigiza Richie alizaliwa Machi 1954, ndiyo kusema kwamba wakati Richie alipokuwa akihangaika na mapenzi, mwigizaji wake alikuwa akitambaa sakafuni. Naye Erin Moran aliyeigiza Joanie alizaliwa mwaka 1960. Fonzie, kijana wa vijana, aliigizwa na Henry Winkler aliyekuwa na umri wa miaka 28. Na hata kabla ya mchezo kupewa jina lake, mwaka 1972, kisa cha majaribio kilichoonyeshwa ndani ya mfululizo wa Love, American Style kilihusu siku ambayo jamaa ya Cunningham ilipata televisheni. Yaani televisheni, ilipofikia makamo, ilikaa kitako ikaanza kusimulia habari za utoto wake yenyewe, na walioisikiliza walikuwa watoto iliowalea.

Wakati wa kusimulia nao haukuwa wa bure. Oktoba 1973 mataifa ya Kiarabu yalikuwa yamezuia mafuta, na Wamarekani walipanga foleni kwenye vituo vya petroli. Majeshi yao yalikuwa yametoka Vietnam bila ya ushindi. Na mwezi Agosti 1974, mchezo ukiwa haujatimiza hata mwaka, rais wao Richard Nixon alijiuzulu kwa fedheha. Mwaka uliotangulia filamu ya George Lucas iitwayo American Graffiti, ambayo Ron Howard huyohuyo alikuwamo, ilikuwa imedhihirisha kwamba umma ulikuwa na njaa ya ujana uliopita. Mtu aliyeliwa na wasiwasi wa leo hutafuta jana isiyokuwa na wasiwasi, na asipoipata huitengeneza. Ama sisi tuliozaliwa Tanzania Bara, ambako televisheni haikuwapo hadi miaka ya 1990, tulipokuja kuutazama mchezo huo tulikuwa tumekwisha chelewa mara mbili: hatukuziona siku zilizokumbukwa, wala hatukuziona siku za kukumbuka. Na bado mioyo yetu iliitamani Milwaukee! Ni jambo la kustaajabisha kwamba shauku inaweza kuazimwa kama nguo ya harusi, na ikamkaa mtu vizuri.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyeyaandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya 4, alishikilia kwamba wakati uliopita haupo tena, na ule ujao haujawapo, na kwamba kile tukiitacho zamani hakina makao mengine ila ndani ya nafsi ya mwenye kukumbuka, katika saa ileile anayokumbuka. Ni hoja nzito, na sijaona aliyeivunja. Lakini ikiwa ni kweli, inaleta mzigo ambao wengi humsoma Augustino bila ya kuutua chini na kuufungua: kama miaka ya 1950 haipo mahali popote ila katika nafsi za wanaoikumbuka, basi waliokuwamo katika miaka hiyo wamekuwa amana mikononi mwetu, na anayewasahau hawaachi walipo, kwa sababu hawana walipo.

Hapa mafakihi wanatufaa kuliko mwanafalsafa, maana wao hawakujishughulisha sana na makao ya zamani, walijishughulisha na nani aruhusiwe kuitolea ushahidi. Shahidi, walisema, awe mwadilifu, na aseme aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Hata hivyo waliona kwamba sharti hilo likikazwa hadi mwisho dunia haitakalika, kwani hakuna mtu aliyehudhuria kuzaliwa kwa babu yake. Kwa hiyo katika mambo machache, kama nasaba, mauti na ndoa, walikubali ushahidi wa yale yaliyoenea na kujulikana na watu hata kama shahidi hakuyaona kwa macho. Naichukua ruhusa hii kuwa jibu la kwanza la swali letu. Kukumbuka tusiyoyaishi si ghururi wala si wizi. Bila ya hilo mtu asingejua ukoo wake, wala dini isingevuka kizazi kimoja. Lakini mafakihi haohao waliweka sharti jingine ambalo wapenda zamani hawalipendi: haukubaliwi ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa kwa ushahidi huo. Na mwenye kuzililia siku njema za kale, nani asiyejua manufaa yake? Anapata faraja, anapata hoja ya kuwalaumu vijana, anapata nyumba ya kukimbilia isiyodaiwa kodi. Ushahidi wake juu ya raha ya zama zile usikataliwe moja kwa moja, lakini kadhi mwenye akili atamwuliza maswali mengi kabla ya kuuandika.

La kwanza ningemwuliza mimi ni hili: Chuck yuko wapi?

Wengi walioupenda mchezo wanalijua jina hilo, na waliobaki nawaeleza. Howard na Marion Cunningham hawakuwa na watoto wawili. Walikuwa na watatu. Mkubwa wao aliitwa Chuck, mwanafunzi wa chuo, mrefu, mcheza mpira wa kikapu, aliyeigizwa kwanza na Gavan O'Herlihy na baadaye na Randolph Roberts, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupita sebuleni na mpira mkononi na kutafuta chakula. Katika msimu wa pili alitoweka. Hakufa, hakusafiri, hakuoa, hakugombana na baba yake. Hapakutolewa tanzia wala kwaheri. Watazamaji wana msemo wao wa mzaha kwamba alipanda ngazi kwenda chumbani na hajashuka hadi leo. Sababu ya kisanaa inafahamika: Fonzie, aliyekusudiwa kuwa mhusika mdogo, alikuwa amependwa kupita kiasi, akaichukua nafasi ya kaka mkubwa, na kaka wa damu akawa wa ziada. Lakini mwaka 1984, katika kisa cha kuhitimisha, Joanie alipoolewa na mpenzi wake Chachi, mzee Howard alisimama mbele ya wageni akawashukuru watazamaji, akawazungumzia watoto wake kuwa ni wawili, na kwamba wote wawili wamekwisha kuoa na kuolewa. Waliokuwapo wakalia kwa furaha.

Najua vyema kwamba Chuck hakuwa mtu. Alikuwa maneno katika karatasi, na karatasi hazina mama. Walakini sanaa hutuonyesha hulka yetu pale hasa isipokusudia, na mimi sijaona mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi raha inavyotengenezwa. Mzee Howard hakusema uongo wa chuki. Alikuwa baba mwema, mcheshi, mwenye huruma, akisema kwa machozi ya kweli katika siku ya furaha ya kweli. Na katika kinywa hicho chema mtoto mmoja akafutika. Sisi tumezoea kudhani kwamba wasahaulifu wa haki za watu ni watu wakatili, hali aghalabu ni watu wapole walioshiba, waliomo karamuni, ambao hawapendi kuitia karamu dosari.

Linganisha na Nabii Yakub. Yeye alikuwa na wana kumi na wawili, akapotelewa na mmoja, na kwa hesabu ya watu wa dunia kumi na mmoja waliobaki walikuwa baraka ya kutosha kumnyamazisha mzee yeyote. Lakini alimlilia Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, na wanawe wakamlaumu kwamba atajiangamiza kwa kumtaja, naye hakuacha kumtaja. Wanawe walitaka nyumba ya raha. Yeye alitaka hesabu kamili. Na sheria ya mirathi nayo imesimama upande wa Yakub: mtu aliyetoweka bila ya habari, ambaye mafakihi humwita mafkudi, hahesabiwi kuwa hakuwapo. Jamaa yake akifa, fungu lake huwekwa kando, si halali kuguswa, hata habari zake zibainike au kadhi ahukumu kwamba amekufa. Mara nyingi nimeiona sheria hii ikisomeshwa kama hesabu kavu ya mafungu, theluthi na sudusi, na wanafunzi wakisinzia. Nadhani ni katika mambo ya upole mkubwa yaliyopata kuandikwa, kwamba katika mgawanyo wa mali, wakati ambapo kila mkono umenyoshwa, sheria inaulinda mkono usiokuwapo.

Tukiwa na kipimo hiki tunaweza kuiuliza Milwaukee ile ya televisheni ni nani wengine waliopandishwa ghorofani. Milwaukee ya ardhini, katika miaka hiyohiyo ya 1950, ilikuwa na mtaa wa watu weusi uitwao Bronzeville, kando ya barabara ya Walnut, wenye maduka, makanisa na nyumba za muziki wa jazi; na mtaa huo ulivunjwavunjwa, katika miaka hiyo na iliyofuata, ili kupisha barabara kuu na mipango ya serikali ya kuujenga mji upya. Mwaka 1956, wakati Richie Cunningham alipokuwa akijifunza kucheza dansi, Vel Phillips alichaguliwa kuingia katika baraza la mji, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kukaa humo. Mwaka 1962 alileta shauri la sheria ya kuzuia ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, na kura iliyoliunga mkono ilikuwa moja tu, yake mwenyewe. Akalirudisha tena na tena. Mwezi Agosti 1967 vijana wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, pamoja na padri James Groppi walivuka daraja la barabara ya 16 kuelekea upande wa kusini wa mji, wakalakiwa na maelfu ya watu kwa mawe na chupa, nao wakaendelea kuandamana siku 200 mfululizo, hata mwaka 1968 sheria ikapita. Mitaa iliyorusha mawe ilikuwa imejaa nyumba za heshima, zenye baba wenye maduka na mama wenye keki, na pengine ndani ya nyumba hizo palikuwa na vijana wenye haya mbele ya wasichana.

Haki yataka niseme na upande wa pili. Waandishi wa mchezo hawakuwa vipofu kabisa. Mwaka 1975 kulikuwa na kipindi ambamo Fonzie analeta rafiki yake, kijana mweusi mpiga ngoma, na ubaguzi wa watu wa Milwaukee ukajitokeza ukaaibishwa. Kilikuwa kipindi cha nia njema. Lakini katika vipindi vya namna hiyo tatizo huingia mlangoni pamoja na mgeni na kutoka pamoja naye, na wiki ijayo sebule ni ileile. Kadhalika vita: Ron Howard alipouacha mchezo mwaka 1980 ili ashughulike na kuongoza filamu, Richie alitiwa jeshini, katika miaka ya 1960 ya hadithi, miaka ambayo vijana wa umri wake walikuwa wakianza kupelekwa Vietnam, na jeshi likampeleka Greenland. Sina neno baya juu ya Greenland. Ni mahali pa baridi pasipo risasi, na mwandishi wa vichekesho aliyetafuta katika ramani nzima asingepata kambi iliyo salama zaidi.

Lakini kilichonigusa kuliko historia ya mji ni historia ya waliokuwa wamevaa mavazi ya furaha. Arnold, mwenye mkahawa, aliigizwa na Pat Morita, ambaye wazazi wake walikuwa Wajapani. Utotoni aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akalala hospitali miaka mingi. Na alipopona na kuweza kutembea, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichukuliwa kutoka hospitali moja kwa moja akapelekwa katika kambi ambamo serikali ya Marekani ilikuwa imewafungia jamaa zake, kwa kosa la asili yao tu. Mtoto huyo ndiye aliyekua akasimama nyuma ya meza ya mkahawa akiwachekesha Wamarekani kuhusu siku zao za raha. Ama Henry Winkler, wazazi wake walikuwa Mayahudi wa Berlin waliokimbia utawala wa Hitler mwaka 1939, na katika jamaa zao wako waliobaki nyuma wakauawa. Mwana wa wakimbizi hao, aliyesumbuka shuleni kwa ugumu wa kusoma uliokuja kutambuliwa akiwa na miaka 31, ndiye aliyefanywa kuwa sura ya kijana wa Kimarekani asiyeogopa kitu. Mtu akiyajua haya hawezi tena kuutazama mchezo kama uongo mtupu. Humo ndani kulikuwa na watu waliojua khofu ni nini kwa yakini kuliko wengi wetu, wakachagua kuchekesha, na sidhani kwamba nina mamlaka ya kuwaambia wasingechagua hivyo.

Kwa hiyo simkubali yule mkosoaji asemaye kwamba vichekesho vya namna hii ni hadaa na vingefaa vipigwe marufuku katika akili za wenye maarifa. Kicheko ni neema, na mtu aliyechoka hadaiwi historia kamili kila jioni. Vilevile simkubali yule mwingine, ambaye hoja yake ni tamu zaidi na kwa hiyo ni ya hatari zaidi, asemaye kwamba shauku ya siku za kale si chochote ila shauku ya roho kwa asili yake, na kwamba tunapoililia Milwaukee tunaililia Pepo tuliyotoka katika mgongo wa Adamu. Huenda kuna ukweli ndani yake. Lakini nimeona kwamba watu wakisha kuipa shauku yao jina la Pepo, huanza kuwatoa watu humo, na wa kwanza kutolewa ni wale ambao uwepo wao ungeliharibu umbo la picha.

Fonzie alikuwa na kilema kimoja kilichowachekesha watu kwa miaka: hakuweza kusema kwamba amekosa. Alijua amekosa, alitaka kusema, midomo ilikusanyika, sauti ikaanza, na neno likagoma kutoka. Likakatika katikati, akajaribu tena, likakatika tena. Hadhira iliangua kicheko kwa sababu kila mtu alijitambua. Mimi huona kwamba mchezo mzima ulikuwa na kilema cha shujaa wake, kwa kuwa kumbukumbu ya raha huweza kusema kila kitu juu ya zama zile, bei ya viazi vya kukaanga, wimbo uliokuwa ukipigwa, rangi ya viatu, lakini ikifika mahali pa kusema tulikosa, ulimi hukatika. Na toba, kama tulivyofundishwa na kila mwalimu wa dini tuliyemkalia mkekani, haianzi na machozi, inaanza na kutaja. Dhambi isiyotajika haina mlango wa kutokea, hukaa ndani ya nyumba na wenye nyumba, tena huzeeka nao.

Je, basi, iko namna ya kukumbuka raha isiyomdhulumu mtu? Nimelitafuta jibu mahali ambapo raha haina shaka, yaani katika habari za watu wa Peponi. Qurani inawaeleza, katika Sura ya Tur, wakiwa wameketi pamoja katika neema, wakielekeana na kuulizana habari zao za duniani. Ningetarajia kwamba watu waliokwisha kuokoka wangekumbuka ushindi wao, sadaka zao na swala zao za usiku. Lakini wanachokitaja kwanza ni khofu: kwamba walipokuwa kati ya jamaa zao walikuwa wenye kuogopa, na kwamba Mwenyezi Mungu akawafadhili na kuwakinga. Na katika Sura ya Saffat yuko mmoja wao ambaye, katikati ya mazungumzo ya raha, anamkumbuka sahibu yake wa duniani aliyekuwa akiidhihaki imani yake, akataka kujua yuko wapi, akachungulia chini hata akamwona. Wafasiri hulieleza hilo kuwa ni katika kutimia kwa shukrani yake, na mimi naongeza, kwa adabu, kwamba ni katika kutimia kwa hesabu yake pia, maana hata Peponi hakukubali kumbukumbu yenye kiti kitupu kisichoulizwa. Raha ya watu wale inabeba khofu yao ndani yake na haipungui. Wala hawakutakiwa wasahau ili wafurahi.

Kwa kipimo hicho, katika vipindi vyote 255 kimoja ndicho ninachokithamini kuliko vingine, nacho si katika vile vya kuchekesha sana. Ni kile cha msimu wa tano, 1978, ambamo Richie anapata ajali ya pikipiki, amelala hospitali hajitambui, na pikipiki, ile alama ya ushujaa iliyopiganiwa mbele ya wakubwa wa ABC, imekuwa chombo cha mauti. Fonzie anabaki peke yake na mgonjwa, na mtu yule ambaye ngumi yake iliamrisha masanduku ya muziki anamwomba Mungu, kwa maneno yake ya mtaani, huku analia. Msimu huohuo waandishi walikuwa wamekwisha kumvisha koti lake la ngozi wakamrusha baharini juu ya papa, kitendo ambacho Wamarekani hukitaja hadi leo wanapotaka kusema kwamba kazi fulani imekwisha kuishiwa. Mimi papa namsamehe. Mchezo uliopata kumfikisha Fonzie kwenye kitanda kile haukuwa umeishiwa bado.